Maghorofa ya New York Katika Postikadi za Zamani

Postikadi ya zamani ya Marekani ina upana wa sentimita 9 hivi na urefu wa sentimita 14. Ni kipande cha karatasi ngumu ambacho kiganja cha mtu mzima hukifunika. Katika nafasi hiyo wachapaji wa mwanzo wa karne ya 20 walilazimika kuingiza majengo ya mita 200, baadaye ya mita 300, na bado yaonekane marefu. Bahati yao ni kwamba kadi ikisimamishwa wima hukaribia umbo la jengo lenyewe. Daraja au bustani hutulia vizuri kwenye kadi iliyolazwa, lakini ghorofa la New York hutaka kadi iliyosimama. Wachapaji wengine walikwenda mbali zaidi wakatoa kadi nyembamba mno, upana wake kama wa alamisho ya kitabu, ili mnara uenee kuanzia ukingo wa chini hadi wa juu.

Kadi hizi zilichapishwa kwa wingi na kuuzwa kwa senti moja moja au zaidi kidogo. Leo zinapigwa mnada, zinatunzwa na makumbusho, na wanahistoria wa usanifu wanazitumia kama ushahidi. Ni ushahidi wenye namna yake ya kusomwa. Kinachoonekana kwenye kadi si jengo lilivyokuwa, ni jengo ambalo mwenye mali, mchapaji na mji wenyewe walitaka lionekane. Anayejua mahali kadi inapodanganya hupata habari nyingi kuliko yule anayeiamini.

Senti moja na sheria ya posta

Postikadi ya kwanza ya serikali ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na Marekani ikafuata mwaka 1873. Zote hazikuwa na picha. Upande mmoja ulikuwa wa anwani, mwingine wa maneno, basi. Picha ziliingia kwa kishindo kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambako wageni waliuziwa kadi zenye michoro ya majumba ya maonyesho wakazituma kwao kama kumbukumbu. Hata hivyo, biashara haikuchangamka hadi bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya tarehe 19 Mei 1898. Kabla ya hapo kadi iliyochapishwa na mtu binafsi ililipiwa senti 2, wakati ya serikali ilikwenda kwa senti 1. Sheria hiyo ilizisawazisha, na nusu ya gharama ikaondoka.

Kulibaki kikwazo kimoja, nacho kimeacha alama ambayo bado inaonekana. Posta ya Marekani haikuruhusu mtumaji aandike chochote upande wa anwani isipokuwa anwani yenyewe. Salamu zilipaswa kubanwa upande wa picha. Kwa hiyo kwenye kadi za kabla ya 1907 anga karibu na jengo limejaa mwandiko: mtu amezungusha maneno kandokando ya mnara, akapanda nayo hadi kwenye kilele, akamalizia jina lake kichwa chini. Wachapaji waliacha ukanda mweupe chini au pembeni kwa kazi hiyo. Kuanzia tarehe 1 Machi 1907 upande wa nyuma uligawanywa kwa mstari, kushoto salamu na kulia anwani, na picha ikapata uhuru wa kuenea kadi nzima. Uingereza ilikuwa imeruhusu jambo hilo tangu mwaka 1902.

Matokeo yake yalikuwa homa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilihesabu zaidi ya kadi milioni 677, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 90. Simu ilikuwa ghali na barua ilihitaji bahasha na muda wa kutunga. Mtu aliyetaka kusema tu kwamba amefika salama na ataonana na wenzake Jumapili alinunua kadi.

Kadi nyingi za ubora wa juu hazikuchapishwa Marekani. Wachapishaji wa New York walituma picha Ujerumani, ambako mafundi wa lithografia walikuwa hawana mpinzani, na kadi zilizokamilika zikarudi kwa meli. Fundi aliyelipaka rangi jengo la Broadway mara nyingi hakuwahi kuliona. Alipewa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, pengine na maelezo mafupi, mengine yote akayakisia. Ndiyo maana jengo lilelile huwa jeupe kwenye kadi moja, la kijivu kwenye ya pili, na la waridi kwenye ya tatu.

Pasi ya Burnham

Jengo la kwanza la New York kuwa nyota wa postikadi halikuwa refu kuliko yote. Park Row Building, lililokamilika mwaka 1899, lilikuwa na mita 119, na ndilo lililoshika taji la dunia kati ya majengo ya ofisi hadi 1908. Jengo lililopendwa na wanunuzi lilikuja mwaka 1902 na lilikuwa na mita 87 tu. Lilisanifiwa na Daniel Burnham wa Chicago, likasimama pale Broadway inapokata Fifth Avenue kwenye mtaa wa 23, katika kiwanja cha pembetatu ambacho watu wa mji walikuwa wamekwisha kukifananisha na pasi. Kwenye ncha yake upana wa jengo ni mita 2 hivi. Jina rasmi lilikuwa Fuller Building, la kampuni ya ujenzi iliyolimiliki, na kadi za mwanzo huandika jina hilo. Lakini wenyeji waliendelea kusema pasi, yaani Flatiron, na mwisho wachapaji walisalimu amri. Kadi nyingine huandika majina yote mawili kwa tahadhari.

Mvuto wake ulitokana na umbo. Likipigwa picha kutoka kaskazini, ncha ikielekea kwenye kamera, jengo huonekana kama meli inayopanda barabara. Wasanii nao waliliona hivyo: Alfred Stieglitz alilipiga picha mwaka 1903 kukiwa na theluji, na Edward Steichen mwaka 1904 wakati wa machweo. Kwao jengo ni kivuli nyuma ya matawi ya miti. Postikadi za miaka hiyohiyo hazina theluji wala ukungu. Jua linawaka, mawingu ni meupe, tramu na magari ya farasi yamepangika, kila dirisha linahesabika. Mtu aliyelipa senti yake alitaka kuhesabu madirisha.

Flatiron lilizua pia kadi za utani. Upepo uliogonga ncha ya jengo ulishuka barabarani kwa nguvu, ukapeperusha kofia na kupandisha sketi za wanawake, na vijana wakasimama pembeni kutazama. Wachoraji walilishika jambo hilo, na kuanzia mwaka 1903 hivi zikatoka kadi za wanawake wanaoshika nguo, wanaume wanaofukuza kofia na askari anayejaribu kutawanya watazamaji. Hizi hazina thamani kubwa kama picha za usanifu, ila zinaeleza kitu ambacho mchoro wa mhandisi hausemi: ghorofa refu lilibadilisha hata hewa ya mtaa uliokuwa chini yake.

Kulikuwa tena na kadi za kumulikwa. Kwa macho ya haraka ni kadi ya kawaida yenye picha ya jengo usiku, nene kidogo kuliko nyingine. Ukipitisha kidole juu yake unahisi vitundu: kila dirisha limetobolewa kwa kisu cha mashine, dogo kama punje ya mchele, na mwezi umetobolewa pia. Nyuma ya matundu imebandikwa karatasi laini ya rangi, njano au nyekundu, halafu karatasi ya mwisho inayobeba anwani. Kadi ikiwekwa mbele ya taa, jengo zima linawaka. Joseph Koehler wa New York ndiye aliyejulikana kwa kadi hizi katika mji huo, na Flatiron ilikuwa miongoni mwa majengo aliyoyatoa. Zilizosalia nyingi zimepoteza kipande cha karatasi ya nyuma, kwa hiyo dirisha moja moja hutoa mwanga mweupe badala ya wa njano.

Mbio za urefu

Mwaka 1908 kampuni ya Singer, ileile ambayo jina lake mafundi cherehani wa Afrika Mashariki wanalijua kutoka kwenye mashine zao, ilikamilisha mnara wa mita 187 katika Broadway. Msanifu wake, Ernest Flagg, aliuweka mnara mwembamba wenye upana wa mita 20 hivi juu ya jengo pana, akaumalizia kwa kuba la mtindo wa Kifaransa. Kwenye kadi mnara wa Singer hutambulika mara moja kwa kichwa hicho kilichovimba. Taji la urefu ulilishika kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1909 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikamilisha mnara wa mita 213 ulioigwa kutoka mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko kule Venice, wenye saa nne ambazo kila moja ina kipenyo cha mita 8 hivi.

Taji lilipohama mwaka kwa mwaka, wachapaji walipata taabu na faida kwa pamoja. Kadi iliyoandikwa kwamba jengo fulani ni refu kuliko yote duniani ilichakaa kabla shehena haijaisha, na mchapaji alilazimika kutoa nyingine. Idadi ya ghorofa ilibadilika kutoka kadi hadi kadi: kwa Singer wengine huhesabu 41, wengine 47, kulingana na kama vyumba vidogo vya ndani ya kuba vimehesabiwa. Mwenye jengo hakuwa na haraka ya kumsahihisha aliyezidisha.

Ndoto nazo ziliuzwa. Mwaka 1908 mchapishaji Moses King alitoa mchoro wa Harry M. Pettit ulioonyesha New York ya baadaye: barabara zilizozingirwa na majengo yanayoufanya mnara wa Singer uonekane mfupi, madaraja yanayounganisha ghorofa za juu, na angani meli za anga zikisafirisha abiria. Michoro ya namna hiyo iliingia kwenye postikadi ikawekwa pamoja na picha za majengo halisi, na bei ikawa ileile. Kampuni ya meli ya White Star Line nayo ilitumia mbio hizo za urefu kujitangaza. Ilichapisha mchoro wa meli zake, Olympic na Titanic, kimoja cha vyombo hivyo kikiwa kimesimamishwa wima kando ya majengo maarufu ya dunia. Meli ya mita 269 iliyapita yote, hata Woolworth Building ambayo wakati huo ilikuwa haijakamilika.

Woolworth Building ndiyo iliyokuwa malkia wa postikadi kwa takriban miaka 20. Frank Woolworth alikuwa ametajirika kwa maduka ya bidhaa za senti 5 na senti 10, na alilipia jengo lake dola milioni 13.5 taslimu. Msanifu, Cass Gilbert, alilivika vigae vya udongo wa kuchoma vyenye rangi ya maziwa na nakshi za makanisa ya Ulaya ya zama za kati, na mhubiri mmoja akalipa jina la kanisa kuu la biashara. Urefu uliopangwa uliongezwa zaidi ya mara moja kabla ya kufika mita 241. Kwa kuwa kadi za mwanzo zilitokana na michoro ya msanifu wala si picha, zipo zinazotaja urefu ambao jengo halikuwahi kuwa nao. Tarehe 24 Aprili 1913 Rais Woodrow Wilson alibonyeza kitufe akiwa Washington, na taa 80,000 zikawaka New York. Kadi za usiku za Woolworth zilifuata kwa wingi.

Jengo hili lilikuwa na faida ambayo wenzake walikosa, nayo ni nafasi ya mpiga picha kusimama. Mitaa ya kusini mwa Manhattan ni myembamba kiasi kwamba anayeinua kamera huona kuta na utepe wa anga. Wapiga picha walilazimika kuomba dirisha kwenye ghorofa ya juu ya jengo la mkabala. Woolworth linatazama bustani ya City Hall, na kutoka upande wa pili wa bustani linaonekana lote kuanzia mlango hadi kilele. Irving Underhill, mpiga picha aliyefanya kazi eneo hilo kwa miongo kadhaa, alilipiga mara nyingi, na jina lake dogo chini ya picha huonekana kwenye kadi za wachapishaji mbalimbali.

Mwaka 1916, baada ya Equitable Building kuinuka kama ukuta na kuitia mitaa ya jirani kizani, mji ulipitisha sheria ya kuyalazimisha majengo yapungue upana kadiri yanavyopanda. Umbo la ngazi linaloonekana kwenye kadi za miaka ya 1920 na 1930 limetokana na sheria hiyo.

Mbio za mwisho zilikuwa fupi na kali. Mnara wa Bank of Manhattan, katika 40 Wall Street, ulifika mita 283. Wakati huo William Van Alen, msanifu wa Chrysler Building, alikuwa ameficha ndani ya kuba ncha ya chuma ya mita 56. Aliichomoza tarehe 23 Oktoba 1929, na Chrysler likaishia mita 319. Tarehe 1 Mei 1931 likafunguliwa Empire State Building, ghorofa 102 na mita 381, lililojengwa kwa siku 410. Ushindi ulikuja wakati mbaya. Uchumi ulikuwa umeporomoka, ofisi zilikosa wapangaji, na watu wa mji walilibatiza jina la kejeli la kusema kwamba ni tupu. Tiketi za jukwaa la kutazamia la ghorofa ya 86 zikawa tegemeo, na aliyekwenda juu alishuka na postikadi.

Kadi maarufu kuliko zote za Empire State inaonyesha kitu ambacho hakikutokea. Kilele cha jengo kilitangazwa kuwa mlingoti wa kufungia meli za anga, yale maputo makubwa yenye injini, ili abiria kutoka Ulaya washuke katikati ya mji. Upepo wa juu haukuruhusu. Septemba 1931 chombo kimoja kidogo kilifanikiwa kujishikiza kwa dakika tatu hivi kikaondoka, na mpango ukafa taratibu. Lakini picha iliyounganishwa studio, ya meli kubwa ya anga ikiwa imetulia na pua yake kwenye mlingoti, ilikuwa imekwisha kusambaa. Bado kuna watu wanaoamini kwamba safari hizo zilikuwepo, kwa sababu tu wameona kadi.

Mkono wa mrekebishaji

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 postikadi ya rangi haikutokana na filamu ya rangi. Ilianza kama picha nyeusi na nyeupe, kisha rangi zikaongezwa kwenye mawe au sahani za uchapaji. Kampuni ya Detroit Publishing, ambayo mpiga picha wa Magharibi ya Marekani William Henry Jackson alijiunga nayo mwaka 1897, ilitumia ufundi kutoka Uswisi. Jiwe la lithografia lilipakwa lami inayohisi mwanga, negativu ikawekwa juu yake na kuachwa juani, na kila rangi ikahitaji jiwe lake. Kadi zake zina ulaini ambao wengine hawakuufikia. Gharama na mabadiliko ya soko viliishinda, na mwaka 1924 ilifilisika.

Kwa Ujerumani mlango ulianza kufungwa mwaka 1909 ushuru ulipopandishwa, ukafungwa kabisa na vita vya 1914. Kadi za Marekani zilizofuata zina ukingo mweupe kuzunguka picha na wino uliofifia. Kwa kusema kweli, ni kipindi dhaifu, ingawa ndicho kilichozaa kadi nyingi za Woolworth.

Mwamko ulikuja Chicago. Curt Teich, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa ameanzisha kiwanda chake huko mwaka 1898, na katika miaka ya 1930 alitoa kadi zenye uso uliochapwa mikunjomikunjo kama kitambaa cha kitani. Mikunjo hiyo ilisaidia wino kukauka upesi, hivyo rangi kali ziliweza kutumika bila kuchafuka. Kadi ya kitani ya Empire State au ya Rockefeller Center ina anga la samawati linaloishia kwenye rangi ya chungwa, na jengo limechongeka kama kipande cha sabuni. Mpiga picha anatajwa mara chache. Mhusika mkuu ni mrekebishaji aliyekaa mezani na brashi nyembamba, akifuata maagizo ya mteja kuhusu rangi ya kila kitu, wakati mwingine akiwa na kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwenye fomu kama mfano.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta. Nyaya za umeme, nguzo, mabango ya washindani na takataka za mtaani ziliondoka. Magari yaliyopitwa na wakati yalibadilishwa yakawa ya mtindo mpya, ili kadi iuzwe miaka mingine michache bila picha kupigwa upya. Majirani wanaoliziba jengo walipunguzwa au kugeuzwa ukungu. Baada ya kufuta aliongeza: bendera kwenye kilele, ndege moja au mbili, mawingu. Kadi ya usiku kwa kawaida ilikuwa picha ya mchana iliyozamishwa kwenye buluu, madirisha yakapakwa njano na mwezi kutundikwa mahali pa kupendeza. Siri hujitoa kwa vivuli. Mwezi uko kushoto, lakini kivuli cha jengo kinaelekea kushoto pia, kwa kuwa jua la picha ya awali lilikuwa kulia.

Kujua umri wa kadi

Muhuri wa posta ndio wa kwanza kutazamwa, ila unaeleza siku kadi ilipotumwa tu. Kadi ingeweza kukaa dukani au kwenye droo miaka 10. Stempu husaidia kuhakiki: nauli ilikuwa senti 1, ikapanda hadi senti 2 kuanzia Novemba 1917 hadi katikati ya 1919, ikarudi senti 1 hadi mwisho wa 1951, isipokuwa kati ya 1925 na 1928 ambapo kadi za picha zililipiwa senti 2. Anwani yenye tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji ni ya mwaka 1943 au baadaye, na ile yenye msimbo wa tarakimu tano haiwezi kutangulia 1963. Kadi za Teich ni rahisi kuliko zote, kwa kuwa kiwanda kilificha mwaka ndani ya nambari. A ni miaka ya 1930, B ya 1940, C ya 1950, na tarakimu iliyotangulia hutaja mwaka. Kadi ya kitani inayoanza na 5A-H ilitengenezwa mwaka 1935, na ya 3B-H mwaka 1943.

Pasipo nambari, majengo yenyewe huwa kalenda. Kadi ya kusini mwa Manhattan kutoka majini, yenye Singer lakini isiyo na Woolworth, picha yake ni ya kati ya 1908 na 1912. Empire State lenye antena ndefu kileleni ni la baada ya 1950. Minara miwili ya World Trade Center, iliyozinduliwa rasmi mwaka 1973 na mmoja ukiwa na mita 417, inatawala kadi za miongo mitatu iliyofuata, kadi za kung'aa zilizotokana na filamu ya rangi. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 kadi zilezile ziliendelea kuuzwa, ila wanunuzi walizichukua kwa sababu nyingine.

Kuna mahali ambapo kadi ndiyo njia nyepesi ya kuliona jengo lililopotea. Singer lilianza kubomolewa mwaka 1967, na kwa zaidi ya miaka 50 hakukuwa na jengo refu kulishinda lililobomolewa kwa hiari ya mwenye mali. Mnara wa Metropolitan Life bado umesimama, lakini katika ukarabati wa miaka ya 1960 mapambo yake mengi ya marumaru yaliondolewa. Kadi ya mwaka 1910 inayo yote, hata kama fundi wa Ujerumani aliyapaka rangi isiyo yake.

Salamu za nyuma nazo ni sehemu ya ushahidi. Waandishi wengi hawasemi lolote kuhusu usanifu. Wanataja joto, bei ya chakula, miguu inayouma. Kinachojirudia ni alama ya X iliyowekwa kwa kalamu kwenye dirisha mojawapo la jengo, na nyuma mstari mmoja wa kueleza kwamba hapo ndipo mtumaji anapofanya kazi, au ndipo alipofika kutazama mji.

Zilikoishia

Wakusanyaji wa mwanzo walikuwa watoto na kina mama wenye albamu sebuleni. Wakubwa walifuata. Mpiga picha Walker Evans alikusanya kadi 9,000 hivi maishani mwake, akapenda hasa zile za kawaida zisizojitia usanii, na mkusanyiko huo sasa uko Metropolitan Museum of Art. Leonard Lauder, aliyekuja kuongoza kampuni ya vipodozi ya mama yake, alisimulia kwamba akiwa mtoto alimaliza senti 5 zake zote za matumizi kwa kununua kadi tano za Empire State Building. Miongo kadhaa baadaye aliahidi makumbusho ya sanaa ya Boston makumi ya maelfu ya kadi.

Negativu za kioo za Detroit Publishing, zaidi ya 25,000, ziko Library of Congress. Kumbukumbu za kiwanda cha Curt Teich zilihifadhiwa kwanza katika makumbusho ya wilaya moja ya Illinois, na mwaka 2016 zikahamia maktaba ya Newberry, Chicago. Humo zimo kadi zilizokamilika pamoja na mafaili ya kazi: picha ya asili kama ilivyofika kutoka kwa mteja, fomu ya rangi, na maelekezo kwa mrekebishaji. Ukiweka picha ya asili kando ya kadi, nyaya zote bado zipo. Nguzo zipo, magari ya zamani yapo, na anga ni jeupe tupu.